Nani Amsemee Polisi? Kejeli ya Filamu Bubu na Kiswahili cha Kampala

Filamu bubu haikuwa bubu kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulizungusha filamu zake hadi Uganda, na maelezo yakasikika kutoka sahani za santuri. Katika mojawapo, Post Office Savings Bank, mfanyakazi anayefukia mshahara wake ardhini huibiwa. Mwenzake aliyeuweka posta husalimika. Kosa ni la mfanyakazi. Kiasi cha mshahara, na anayeulipa, havihojiwi.

Charlie Chaplin aliielekeza kejeli upande wa pili. Katika The Kid (1921), mtoto huvunja vioo vya madirisha kwa mawe, kisha baba mlezi hutokea na vioo vipya mgongoni, tayari kuvitia kwa malipo. Mtoto anaporudisha mkono nyuma arushe jiwe jingine, mkono humgusa polisi aliyesimama nyuma yake. Polisi huyo si mwovu. Anatimiza wajibu wake sawasawa, ila sheria anayoilinda haina jibu kwa njaa ya hao wawili, na hadhira imekwisha kucheka pamoja na wahalifu kabla ya kujiuliza kwa nini.

Tuipeleke sasa filamu hiyo katika kibanda cha video cha Kampala, ambako wasimulizi waitwao VJ hueleza filamu za kigeni kwa Kiganda. Chaplin hakumpa polisi sauti. Msimulizi ndiye atakayemchagulia lugha. Nadhani atampa Kiswahili cha amri: "Wewe! Simama!" Ukumbi utaangua kicheko, na kicheko hicho kina historia. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles, na waliosimamishwa vizuizini miaka ya 1970 hawakukisikia kikibembeleza.

Wapo watakaouona huo kuwa uadui dhidi ya Kiswahili. Siafiki. Kinachochekwa ni mamlaka. Lugha imekutwa mdomoni mwake tu. Kinachonisumbua ni kwamba fundi vioo na mtoto wataachiwa Kiganda. Tangu Baraza la Mawaziri liagize mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mijadala yetu imekuwa ya walimu na vitabu (na ni haki), huku utani ukisahauliwa. Mshauri wa sera aketi kibandani jioni moja, aulize: fundi huyo akitaka kumnong'oneza mwanawe akimbie, Kiswahili tunachofundisha kimempa neno gani?