Salmonela iliyoshinda dawa tano, na chupa iliyoinasa

Ukiingia katika zahanati ya mtaani Kolwezi na homa ya siku nne na tumbo linalouma, huna haja ya kuuliza utapimwa nini. Kwanza malaria. Malaria isipoonekana, kinafuata kipimo cha Widal. Tone la maji ya damu linachanganywa na tone la buluu, jingine na tone jekundu, kadi inayumbishwa kwa mkono dakika chache, na chembe zikigandamana unaambiwa una tifoide. Jioni umeshanunua siprofloksasini, au umeshaanza sindano za seftriaksoni.

Kipimo hicho kina jina la daktari wa Paris, Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Kinachotafutwa pale ni kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kidudu cha tifoide au ndugu yake. Mahali ambapo watu wanakunywa maji ya kisima na kuishi na malaria mwaka mzima, alama hizo zinapatikana kwa wazima pia, na malaria yenyewe huweza kuzizua. Lakini kasoro kubwa zaidi ni nyingine, nayo haisemwi sana: Widal haimpi mtaalamu kidudu chenyewe mkononi. Na bila kidudu hakuna wa kuulizwa dawa gani inamuua na ipi anaicheka.

Utafiti ninaouchambua ulianza kwa kuiacha njia hiyo ya mkato. Octavie Lunguya, mtaalamu wa mikrobiolojia wa taasisi ya INRB ya Kinshasa, pamoja na Jan Jacobs na wenzake wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walianza mwaka 2007 kukusanya vimelea vya damu kutoka hospitali za Kongo. Jina linalojitokeza mara kwa mara katika kazi hiyo ni hospitali ya Saint-Luc ya Kisantu, kusini mwa Kinshasa kwenye barabara ya Matadi. Mwaka 2019, katika jarida la Nature Communications, kundi hilo, likiongozwa na Sandra Van Puyvelde, lilitangaza tawi jipya la Salmonella Typhimurium, ndugu wa kidudu cha tifoide, lililozuka Kongo.

Ulaya, Typhimurium ni kidudu cha mayai mabichi na kuku asiyeiva: siku chache za kuharisha, basi, mtu anarudi kazini. Huku kwetu kidudu hicho kinatoka utumbo na kuingia katika damu, hasa ya mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye malaria imeshampunguzia damu au chakula hakitoshi. Mara nyingi hata haharishi. Ana homa tu, kama homa nyingine yoyote. Makadirio ya vifo ni kama asilimia 15, hata kwa wanaofika hospitalini.

Kumnasa mdudu huyu ni kazi ya mikono, na hapa ndipo penye ufundi wote. Katika damu ya mtoto mgonjwa mara nyingi hakuna zaidi ya bakteria mmoja kwa kila mililita. Darubini haiwezi kumwona. Kwa hiyo muuguzi anasafisha ngozi vizuri, kwa sababu bakteria wa ngozi wakiingia wataota wao na kufunika kila kitu, kisha anavuta mililita chache na kuziingiza moja kwa moja katika chupa yenye mchuzi wa kulishia vimelea. Akivuta kidogo mno, amekosa mdudu ingawa yumo. Chupa inawekwa katika joto la nyuzi 35 hadi siku 7, na kila siku mtu anaigeuza kutazama kitako chake. Pale chini pana kiashiria kinachoitikia kaboni dioksidi: bakteria wakianza kupumua, rangi ya kijivu-kijani inageuka manjano. Kuna mashine ghali zinazofanya kazi hiyo zenyewe, lakini hospitali nyingi za utafiti ule zilitumia macho.

Chupa ikigeuka, tone lake linapandwa kwenye sahani za agari. Kwenye agari ya MacConkey, E. koli hula laktosi na kuota kwa rangi ya waridi, ilhali salmonela haiigusi na makundi yake yanabaki meupe. Baada ya vipimo vya kuthibitisha spishi, kimelea kinapakwa kama zulia kwenye sahani nyingine, na juu yake vinawekwa viduara vidogo vya karatasi vyenye dawa. Kesho yake unachukua rula. Dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara tupu, na ile iliyoshindwa imezingirwa na bakteria hadi ukingoni.

Dawa tatu za zamani, yaani ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, zilikuwa zimeshashindwa na salmonela nyingi za Afrika kabla ya utafiti huu. Jipya lilikuwa kwenye seftriaksoni. Hapo wataalamu wana mtego mzuri: wanaweka viduara viwili vya dawa ya jamii hiyo, kimoja peke yake na kingine kilichochanganywa na asidi ya klavulani. Duara la pili likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, kidudu kimeumbuka, kwa maana kinatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa, na klavulani imekizuia kimeng'enya hicho. Rula ya shule inatosha kugundua jambo hilo. Tawi la Kongo lilikuwa na usugu wa seftriaksoni na wa azithromaisini pamoja na zile tatu za zamani, na kimoja kati ya vimelea hivyo kilikuwa kimeshaanza kuizoea siprofloksasini.

Sehemu iliyobaki ndiyo magazeti hupenda, lakini kwangu ni ya pili kwa thamani. Jeni zote za vimelea zilisomwa, kazi ambayo Taasisi ya Sanger ya Uingereza imeizoea, zikalinganishwa na zile za ST313, ukoo wa Typhimurium unaotawala Afrika kusini mwa Sahara. Mabadiliko madogo ya jeni hujikusanya kwa mwendo unaokadirika, hivyo ukiwa na vimelea vya miaka mbalimbali unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Hesabu ilionyesha kwamba tawi hilo, walilolipa jina II.1, lilizuka mwanzoni mwa karne ya 21. Hesabu hiyo isingewezekana kwa vimelea vya mwaka mmoja. Aliyeweka akiba ya vimelea mwaka baada ya mwaka ndiye aliyewezesha kompyuta kusema kitu.

Sehemu kubwa ya usugu ilikutwa kwenye plasmidi moja kubwa ya kundi la IncHI2. Plasmidi ni kipande cha jeni kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na jeni za usugu humo ziko kama mzigo uliofungwa katika kitenge kimoja: ukivuta kimoja, vyote vinakuja. Mtoto akipewa azithromaisini, bakteria wanaosalia wanabeba pia usugu wa seftriaksoni. Kwamba uchaguzi wa dawa unachagua pia mdudu wa kubaki, Malawi ilishaonyesha: huko Blantyre tawi la pili la ST313, lenye usugu wa kloramfenikoli, lilichukua nafasi ya la kwanza katika kipindi ambacho dawa hiyo ilikuwa ikitumika sana.

Udhaifu wa kazi hii upo, nao unaihusu moja kwa moja Kolwezi na mkoa wake wa Lualaba. Ramani ya usugu hufuata ramani ya chupa: pasipo na chupa, usugu hauonekani. Kutoka Kisantu hadi Kolwezi kwa ndege ni takribani kilomita 1,300, na malaria, utapiamlo na visima viko pande zote mbili. Kwa kipindupindu, INRB ilishafika mbali zaidi: Berthe Miwanda na wenzake walichunguza vimelea 1,093 vya miaka ya 1997 hadi 2012 na kuona usugu ukipanda, na bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unaelekea ukitoka huku kwenye migodi, ni moja ya makao ya zamani ya ugonjwa huo.

Kisha liko jambo ambalo Kisantu hainalo na Kolwezi inalo: shaba. Plasmidi za IncHI2 zinajulikana duniani kwa kubeba, pamoja na usugu wa dawa, jeni za kustahimili metali. Denmark, mwaka 2002, Henrik Hasman na Frank Aarestrup walionyesha kuwa bakteria wa utumbo wa nguruwe waliolishwa shaba walikuwa na jeni ya kustahimili shaba kwenye plasmidi ileile yenye usugu wa antibayotiki. Shaba peke yake, bila dawa yoyote, inaweza kuwafadhili bakteria sugu. Hapa Kolwezi, Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven walichapisha mwaka 2018 vipimo vyao vya Kasulo, mtaa uliochimbwa hadi chini ya nyumba, na kukuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakazi, watoto wakizidi. Metali iko vumbini na mwilini. Swali la bakteria wa utumbo wa watoto hao linafuata lenyewe, na nashangaa halikuwa la kwanza kuulizwa.

Kulijibu hakuhitaji Sanger. Unatengeneza sahani za agari zenye salfeti ya shaba ya viwango vinavyopanda, unapanda vimelea vya wagonjwa wa Kolwezi, unaona nani anaota hadi kiwango gani, kisha unaweka matokeo hayo kando ya milimita za seftriaksoni. Kinachohitajika kwanza ni vimelea vyenyewe, yaani chupa za damu katika hospitali na mtu wa kuzitazama kila siku, na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyozimika. Umeme wa bwawa la Inga unafika Kolwezi kwa waya wa kilomita 1,700 tangu mwaka 1982, nao ulivutwa kwa ajili ya migodi.