Boriti Moja, Kazi Nne: Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi wa Banda la Kupasulia Mbao

Miongoni mwa maandishi ya ufundi yaliyofasiriwa kwa Kiswahili na kutufikia ili tuyahakiki, kimo kijitabu kinachoelekeza namna ya kupanga na kujenga banda la fremu ya mbao kwa ajili ya mashine ndogo ya kupasulia magogo. Kusudi lake ni jema. Katika sehemu za misitu ya kupandwa, kama vile Sao Hill wilayani Mufindi, mashine za namna hii zimekuwa nyenzo ya riziki ya watu wengi, na banda huikinga mashine na mvua na kumpa mpasuaji kivuli. Hatuna ugomvi na nia ya mfasiri. Ugomvi wetu ni juu ya istilahi zake, kwa sababu katika ujenzi kosa la neno moja laweza kuangusha paa.

Tuanze na mashine yenyewe. Mfasiri ameiita "mashine ya mbao inayobebeka". Kinachobebeka ni kile ambacho mtu aweza kukichukua mkononi au begani, ilhali mashine hii huvutwa kwa gari au hufunguliwa vipande na kuhamishwa na watu kadhaa. Tena "mashine ya mbao" yaweza kuwa ya kuranda, ya kutoboa au ya kukereza. Twaonelea "mashine ya kuhamishika ya kupasulia magogo" ingefaa zaidi. Twajua kwamba huko Mufindi watu wanalo neno "dingidongi", nalo lina uhai wake. Lakini neno hilo hutaja mashine ya msumeno wa duara, na si haki kulitwika pia mashine ya msumeno wa mkanda.

Kosa la pili ni zito zaidi. Neno "boriti" limetumiwa kwa mti uliosimama, kwa mti uliolazwa juu yake, kwa mti unaofuata mteremko wa paa, na hata kwa mbao nyembamba za kugongomelea bati. Hapa lugha yetu haikupungukiwa hata kidogo. Biashara ya miti ya mikoko, iliyosafirisha shehena kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Ghuba kwa majahazi, iliipanga miti kwa unene wake: fito, pao, mazio, boriti, nguzo na banaa. Boriti ilikuwa na kipimo chake, takriban sentimita 11.5 hadi 13.5. Katika jengo, nako, kila mti una jina kwa kazi yake: nguzo husimama, mwamba hulala juu ya nguzo, kombamoyo hupanda kutoka kwenye mwamba hadi kileleni, na pao hukingama juu ya makombamoyo. Mafundi wa leo wameongeza "kenchi" na "papi". Msomaji ataona kwamba nguzo na pao yamo katika orodha zote mbili. Kwa hiyo ni wajibu wa mfasiri kueleza kama ataja unene wa mti au kazi yake. Asipofanya hivyo, fundi hawezi kujua anunue nini.

Tatu, kijitabu chaagiza kwamba upande mmoja mrefu wa banda uwe na "nafasi safi ya mita sita". Msomaji mtiifu atachukua ufagio. Kilichokusudiwa ni uwazi usio na nguzo, ili magogo yapate kuviringishwa hadi kwenye mashine. Asiyeelewa hivyo atasimamisha nguzo katikati, na gogo refu halitaingia. Atakayeelewa nusu ataiondoa nguzo bila kuongeza unene wa mwamba, nao utapinda, kwa kuwa hapo katikati hauna wa kuupokea mzigo.

Nne, mahali pa maungio, vipande vya mti mgumu vinavyopigiliwa kupitia ulimi na tundu lake vimeitwa "vigingi". Kigingi huchomekwa ardhini. Mbuzi hufungwa hapo, na kamba ya hema. "Misumari ya mti" ingeeleweka mara moja.

Sasa tufike penye kiini cha uhakiki huu. Kipande cha mshazari kinachounganisha nguzo na mwamba kwenye pembe hakikupewa jina lolote. Mfasiri ameandika "mbao za kusaidia" mara moja, kisha akanyamaza. Sababu twaifahamu. Katika nyumba ya miti na udongo, fito zilizofungwa na udongo uliokandikwa ndio huizuia fremu isilale upande, kwa hiyo jina la kipande hiki halikuhitajika sana. Banda la mashine halina kuta. Upepo ukisukuma bati, hakuna kinachoishika fremu ila vipande hivyo vya mshazari. Fundi akiviona kuwa msaada tu, ataviacha ili kuokoa mbao, na siku ya dhoruba banda litawalalia watu walio chini yake.

Tumelitafuta neno. "Gadi" husimamisha chombo kilichokwama pwani, lakini iko nje na huondolewa. "Mwega" huegemeza kitu kinachotaka kuanguka, na hudokeza kwamba jengo limekwisha kuharibika. "Taruma" ni la ndani ya chombo, ni la kudumu, na kazi yake ni kukiimarisha. Twapendekeza "taruma la pembe". Twakiri kwamba ni neno la pwani, na fundi wa Njombe huenda asilijue. Lakini yeye hana neno moja lililokubaliwa, na kufundishwa neno geni lenye maana kamili ni bora kuliko kubaki na neno la kawaida lisilomwonya.

Tunawasihi wafasiri wasifasiri mwongozo wa ufundi mezani peke yake. Wamwendee fundi, wamwonyeshe mchoro, wamwombe ataje kila mti kwa jina. Walimu wa ufundi na maofisa wa misitu walio na neno bora kuliko "taruma la pembe" watuletee, pamoja na jina la mahali linapotumika. Tutalipokea kwa furaha, hata likiwa la kulifuta letu.