Kusoma Vitabu vya Ubatizo vya Zamani

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Kwa sababu hiyo twawasifu ndugu wa Temeke na Kinondoni wanaokwenda kuulizia vitabu vya ubatizo vya zamani, wapate kuwajua babu zao. Lakini kutafuta ni neno moja, na kusoma ni neno la pili. Na katika kusoma twaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la macho. Walutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakafanya kituo Kisarawe mwaka 1892. Mwandiko wa Wajerumani wa siku zile si kama huu wetu: herufi e hufanana na n, na s ndefu hufanana na f. Asomaye kwa kubahatisha hujipatia babu asiye wake. Dawa ni hii: tafuta katika ukurasa ule ule neno ulijualo, kama jina la mwezi, utazame jinsi mwandishi alivyofanya kila herufi, ndipo urudi kwenye jina.

Kosa la pili ni la sikio. Mwandishi aliandika kama lugha yake ilivyomfundisha: Ujiji ikawa Udschidschi, na Uzaramo ikawa Usaramo. Basi amtafutaye Juma penye herufi J tu aweza kurudi mikono mitupu. Na atazame Dschuma pia.

Kosa la tatu ni la moyo, nalo ndilo zito. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, wakapokea watoto waliotolewa katika utumwa. Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini, na mahali pa baba huenda pakaandikwa ignotus, yaani hajulikani. Asomaye neno hilo huona haya akafunga kitabu, akidhani kwamba bibi yake alizaliwa nje ya ndoa. Neno lile halisemi hivyo. Lasema tu kwamba mwandishi hakujua. Mtoto aliyeibwa kwao huenda alikuwa na baba aliyemlilia mpaka kufa kwake. Hapo lawama si ya mtoto, bali ni ya kitabu, maana kalamu ilikoma mahali habari ilipoanzia.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuona haya mwulizeni mzee wa nyumbani. Huenda yeye amehifadhi jina ambalo padre hakuliandika.