Kupatanisha Difu Mbili

Chasisi ilikuwa imelazwa tupu juu ya magogo manne chini ya mwembe, na fundi alikuwa akiizunguka tangu asubuhi bila kuwasha mashine ya kuchomelea. Mkononi alikuwa na timazi, kipande cha chaki na uzi wa waashi. Siku hiyo nilifika Kingolwira kwa shughuli nyingine kabisa. Nikakaa. Kisha nikawa narudi kila Jumamosi, wiki tano mfululizo.

Ilikuwa chasisi ya Toyota Hilux ya zamani, ile ya kuvuta nyuma tu. Kila kiangazi ilibeba ndizi na mananasi ya Mkuyuni, na kila masika ilifunikwa turubai. Mwenye gari, mama mmoja mfanyabiashara, alikuwa amechoka na turubai. Anayeijua njia ya kutoka Bigwa kupitia Kiroka na Mkuyuni, kisha kuchepuka na kupanda Kinole, hahitaji kuelezwa. Udongo mwekundu wa Uluguru ukishiba mvua ya Aprili huwa kama sabuni: tairi za nyuma zinazunguka pale pale, na gari linaanza kurudi kinyumenyume kuelekea bondeni. Mama alitaka difu ya mbele. Maneno hayo ni mepesi kuyatamka.

Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na yenye kuvuta miguu yote minne ikafuata mwaka 1979. Kwa macho ya mpita njia hizo mbili ni gari moja, ila moja imenyanyuka kidogo. Chini yake ni vitu viwili tofauti. Ya kuvuta nyuma, ya kizazi cha gari la mama, kila gurudumu la mbele lina mkono wake, likishikiliwa na fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi. Ile nyingine ina ekseli nzima iliyopita toka gurudumu hadi gurudumu, juu ya springi za majani, na difu yake imekaa pembeni. Kwa hiyo mbele yote inavunjwa: mikono, fimbo, stelingi boksi, vishikizo vya injini. Ndipo unaanza kumfanya mgeni akae kama mwenyeji.

Huko Marekani kazi hii iliwahi kuuzwa ndani ya sanduku. Marmon-Herrington ya Indianapolis iligeuza malori ya Ford tangu miaka ya 1930, na NAPCO ya Minneapolis ikawauzia wenye Chevrolet ekseli, transfa na vishikizo vilivyokwisha kupimwa, mpaka Chevrolet wenyewe wakaanza kuvifunga kiwandani mwaka 1957. Nawaheshimu sana. Lakini fundi wa Kingolwira hakuletewa sanduku. Aliletewa ekseli kutoka Ilala, giaboksi yenye transfa kutoka gari lililopinduka, na vipimo akavitafuta mwenyewe.

Aliteremsha timazi kutoka kila tundu alilokuwa na hakika ni la kiwandani, na pale ncha ilipotulia akaweka nukta ya chaki sakafuni. Kisha akavuta uzi mshazari, nukta ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Chasisi iliyonyooka, nyuzi hizo hulingana. Hizi zilipishana kwa milimita tisa. Gari lilishawahi kugongwa au kutumbukia korongoni, na mama alilinunua hivyo bila kujua. Siku mbili zikaishia katika kulinyoosha kwa jeki na mnyororo, kazi ambayo haikuwamo katika mapatano.

“Nikichomelea hanga hivi hivi, mama, gari litakwenda upande upande kama kaa,” alimwambia. “Na pesa ya siku mbili hizi?” Fundi akatabasamu, akarudi kwenye mnyororo wake.

Alipoanza kuchomelea, nilitazama mikono. Vibandiko vya chuma alivichonga ncha kama za mkuki, ili mshono usikate chasisi moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Mzigo ukipakiwa, mgongo wa chasisi hubanwa na tumbo huvutika. Mshono uliokata hapo ndiko ufa unakoanzia. Basi alichomelea ubavuni, urefu wa kidole kimoja, akahamia upande wa pili, akaacha chuma kipoe. Moto huvuta chuma, na aliyehangaika kuzifuta milimita tisa hana haja ya kuzirudisha.

Siku ninayoipenda zaidi ilikuwa ya kuhesabu. Miaka ya nyuma nilipanda pikapu moja iliyogeuzwa mahali pengine. Tulipotoka kwenye tope, rungu la transfa lilikataa kutoka. Dereva akalipiga teke mara ya tatu, kitu kikapasuka chini yetu, tukalala njiani. Sikujua sababu mpaka niliposimama chini ya ule mwembe.

Fundi aliinua ekseli ya nyuma, akafunga tairi moja kwa kamba isizunguke, akamwambia kijana wake aizungushe nyingine mara ishirini. Yeye akahesabu mizunguko ya propela kwa alama ya chaki: arobaini na moja. Akafanya vile vile kwa ekseli ya Ilala. Propela ikapita arobaini na moja, ikafika arobaini na tano na zaidi ya nusu. Akaguna. Ndani ya difu ya nyuma, krauni ilikuwa na meno 41 na pinioni 10. Ya mbele, 41 kwa 9. Transfa huzungusha propela zote mbili sawasawa, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yakienda mara kumi, ya mbele yangeruhusiwa mara tisa tu. Kwenye tope tairi huteleza na kumaliza ugomvi. Kwenye njia kavu hakuna wa kuteleza, na ugomvi wote hujifungia ndani ya transfa. Tofauti yenyewe ni jino moja la pinioni. Kazi ikasimama siku nne mpaka krauni na pinioni nyingine zilipopatikana.

Mengine yalifuata kwa utaratibu ule ule. Propela ya nyuma ilikatwa na kufupishwa kwa mkerezaji mjini Morogoro, na fundi akasimama pale pale kuhakikisha masikio ya krosi za ncha zote mbili yanatazamana, maana yakipishana gari litatetemeka maisha yake yote. Ili kujua kama difu ya mbele itaigonga sampu, alifungua springi zikabaki na jani moja moja, akabandika donge la udongo mbichi wa mfinyanzi juu ya difu, akaipandisha ekseli kwa jeki mpaka mwisho. Akashusha, akaukata udongo kwa kisu na kupima unene uliobaki: vidole viwili. Alama ya sampu ilikuwa imechapika juu yake kama muhuri.

Aprili tulipanda Kinole, mama akiendesha. Mahali pale ambapo gari lake lilizoea kurudi nyuma, magurudumu ya mbele yalishika, yakavuta taratibu, matope yakapiga milango. Hakuna aliyesema kitu. Juu kabisa, karibu na nyumba za kwanza, kulikuwa na kipande kikavu chenye changarawe. Fundi akamwomba mama aende mbele hatua hamsini bila kukata kona, kisha asimame.

“Sasa litoe rungu, mama. Usilivute kwa nguvu.”

Mama alilishika kwa vidole viwili, likatoka.