Ufundi wa Kumwacha Mgonjwa Asimulie

Kwa daktari, mgonjwa huulizwa naye hujibu: maumivu yameanza lini, yako wapi, umemeza dawa gani. Majibu hayo yanatosha kuandikiwa dawa. Alivyowapa wanawe habari, au alivyoupitisha usiku wa kuamkia upasuaji, hakuna anayeuliza, na foleni iko mlangoni.

Huko Oxford, Uingereza, kuna watu walioifanya kazi ya kuyauliza hayo kuwa ufundi kamili, nami nauheshimu mno. Waanzilishi wake ni madaktari wawili waliougua wenyewe. Ann McPherson, daktari wa familia, alipata saratani ya matiti. Andrew Herxheimer, bingwa wa elimu ya dawa, aliwekewa goti bandia. Tiba waliijua vizuri; walichokikosa ni kauli za watu waliokwisha kupita njia hiyo. Mradi wao, DIPEx, ulianza kuwafikia wasomaji mwaka 2001, na sasa unajulikana kwa jina la Healthtalk.

Kwa kila ugonjwa huhojiwa watu kama 35 hadi 50. Hawateuliwi kwa ufasaha wao. Hutafutwa kwa kutofautiana: kijana na mzee, aliyepona na anayeendelea kuugua, aliyeikubali tiba na aliyeikataa. Mtafiti huwafuata, mara nyingi nyumbani kwao, akiwa na kamera au kinasa sauti. Huanza na ombi moja pana: nisimulie yote, tangu ulipohisi kuna jambo. Kisha hunyamaza. Wanaohoji watu kwa kazi wanajua ugumu wa kunyamaza huko, kwa sababu msimuliaji akisita, ulimi wa mhoji huwasha kumsaidia, na msaada huo huihamisha habari kutoka kwa mwenyewe. Maswali aliyoyaandaa mtafiti husubiri sehemu ya pili.

Mazungumzo yakishanakiliwa neno kwa neno, hurudishwa kwa msimuliaji. Anasoma, anafuta asichotaka kitoke, ndipo anaamua kipi kitumike. Hapa ndipo ninapowapenda zaidi. Mtu aliyelia mbele ya kamera anapata nafasi ya kufikiri machozi yakiwa yamekauka, na ruhusa yake inakuwa ruhusa ya kweli.

Halafu unakuja uchambuzi. Mwaka 2006, mtafiti Sue Ziebland na McPherson walieleza hatua yake mojawapo, wakaiita kwa jina la kawaida kabisa: karatasi moja. Mtafiti huchukua mada, tuseme siku ya kuambiwa majibu ya vipimo, akasoma kila kauli iliyohusu mada hiyo, na kuandika kwenye karatasi moja kubwa kila jambo tofauti lililosemwa, pamoja na namba ya aliyelisema. Mambo yanayofanana hukusanyika pembeni mwa mengine. Uhusiano huonekana kwa macho.

Kwenye karatasi hiyo hapapigwi kura. Jambo lililosemwa na mtu mmoja tu linabaki na namba yake, kando ya lile lililosemwa na ishirini, na mchambuzi analazimika kulitolea maelezo. Mwanafunzi wa udaktari anayesoma matokeo hayo anakutana na huyo mmoja mapema, kabla hajaketi naye chumbani akiwa na dakika kumi tu za kumhudumia.