Farasi 30 tu? Hesabu ya WRX na STI inakosea wapi

Ukikaa na mashabiki wa Subaru hapa Nairobi, haichukui muda kabla mmoja hajakutolea hesabu hii. Impreza WRX ya mwaka 2004 iliyouzwa Japani ina nguvu za farasi 250. Toleo maalum la kiwandani, WRX STI, lina 280. Tofauti ni 30, na kwa hiyo 30 unaongezewa bei hadi unashangaa. Basi nunua WRX ya kawaida, mpelekee fundi abadilishe ekzosi na programu ya injini, apandishe presha ya turbo kidogo, na umefika. Tena umempita mwenye STI, na chenji umebaki nayo.

Nilikuwa naiamini hesabu hii mpaka binamu yangu alipoifuata. Farasi alizipata, hilo sikatai. Gari lilikuwa linavuta kweli kweli. Miezi minne baadaye gia ya tatu ikaisha meno.

Tuanze na hiyo 280, kwa sababu namba yenyewe ina historia ya kuchekesha. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 hadi 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano yao, si sheria, kwamba hakuna atakayetangaza gari lenye zaidi ya farasi 280. Ndiyo maana Nissan Skyline GT-R, Mitsubishi Lancer Evolution na STI, magari ambayo hayafanani injini wala uzito, yote yaliandikwa 280. Mwaka 1998 Subaru walitoa 22B, magari 400 tu kwa soko la Japani, na injini wakaikuza kutoka lita 2.0 hadi 2.2. Karatasi ikasema nini? 280. Ni kama mzani wa dukani unaoishia kilo 100: kila aliye juu ya hapo ana kilo 100. Sasa sisi tunachukua namba ya mzani huo, tunaitoa kwa nyingine, halafu tunaita jibu "tofauti ya magari".

Lakini hata kama namba ingekuwa ya kweli kabisa, bado ingekuwa swali lisilo lake. Farasi ndicho kitu rahisi zaidi kuongeza kwenye injini ya turbo. Unasukuma hewa zaidi, unaweka petroli zaidi, basi. Kazi ngumu ni kila kitu kingine kukubali mzigo huo.

Chukua bloku ya injini. Kwenye WRX ya kizazi hicho, silinda zimesimama ndani ya maji ya kupozea kama glasi ndani ya beseni: chini zimeshikwa, juu ziko huru. Kwenye STI kuna madaraja yanayozishika kwa juu, ili mlipuko ukizidi nguvu zisitikisike. Giaboksi nayo si ile ile. WRX ina gia tano, STI ina sita, na ile ya sita ni kubwa na nzito zaidi. Kinachovunja meno ya gia si farasi wa pale juu kabisa, ni nguvu ya kuzungusha. Na programu za kuongeza presha kwa kawaida huiongeza zaidi katikati, pale injini inapoanza kuvuta, ndipo unaposema "eeh, hii imeamka!" Meno ya gia ya binamu yangu yalisikia vilevile.

Halafu kuna joto, na hapa Nairobi tuna shida ya peke yetu. Hewa ya nyuzi 20 ukiibana hadi presha yake iwe maradufu, hesabu ya darasani inasema itafika nyuzi 84. Turbo halisi ina upotevu wake, kwa hiyo inapita 100. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Kufikia presha ile ile ndani ya injini, turbo ya Nairobi inabana karibu mara 2.4 badala ya 2. Inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Intakula ya STI ni kubwa kuliko ya WRX, na ina kifaa cha kuirushia maji. Watu huona hayo kama mapambo. Hewa moto huifanya petroli ijiwakie kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga, na kugonga hutoboa pistoni.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Magari yote mawili yalipangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni karibu 100. Super ya kawaida ya hapa ni karibu 93. Kwa hiyo hata STI haijafika kwetu na akiba yake yote.

Breki ndizo zinazonikera zaidi, kwa sababu hazionekani kwenye hesabu kabisa. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki humeza joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Kutoka 160, ni lita nne. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 60, joto limezidi mara mbili na nusu. STI ilitoka kiwandani na breki za Brembo. Binamu alikuwa amebakia na zile zile za WRX, na usiku alikuwa anaenda Thika Road kujaribu gari.

Je, basi ununue toleo maalum tu? Hapana, si kila jina la "toleo maalum" lina kitu ndani. Mengine ni rangi, viti na nembo, na hapo fundi wako atakushonea viti vizuri kwa bei nafuu. Uliza kilichobadilika mahali ambapo huwezi kufika kwa spana: bloku, giaboksi. Tena STI iliyo sokoni leo ina umri wa miaka 20, na huenda wamiliki watatu waliotangulia walishaipandisha presha. Hapo unalipia akiba ambayo wengine wameshaila. Kama mtu ananiuliza mimi, WRX ambayo haijaguswa, ikaachwa hivyo hivyo na kuwekewa breki nzuri, ni gari bora kuliko STI ya aina hiyo.

Binamu ameshapata giaboksi nyingine, ya gia tano tena, kutoka gari lililokatwa. Anasema safari hii ataanza na breki. Nilipomuuliza kuhusu programu ya injini, alisema ameiacha ilivyo, kwa sababu alishailipia.