Wastani wa Lualaba Haumjui Mtoto wa Dilolo

Kila mara dunia inapozungumza juu ya umaskini wa watoto wa Lualaba, namba inayotoka ni moja: 40,000. Ni makadirio ya UNICEF ya mwaka 2014 juu ya watoto waliokuwa wanafanya kazi mu migodi ya kusini mwa Kongo. Mwaka 2016 Amnesty International iliirudia mu ripoti yake juu ya kobalti, magazeti yakaichukua, na hadi leo inazunguka kama vile kuna mtu alipita jana akawahesabu moja kwa moja. Lakini ni makadirio tu, tena ya zamani.

Sisemi watoto wale hawapo. Mtu wa Kolwezi hahitaji ripoti ili ajue. Ubaya wa namba hii ni kwamba imetufundisha kumuona mtoto maskini kama yule tu aliyebeba mufuko wa mawe. Mtoto wa Dilolo, zaidi ya kilomita 400 kwa reli kuelekea mpaka wa Angola, hana kobalti, kwa hiyo hana mwandishi wa habari. Je, huyo ni tajiri?

Basi tuangalie vipimo vyenyewe. Kipimo cha dola kwa siku (Benki ya Dunia ilitumia dola 2.15 tangu 2022, ikapandisha hadi 3 mwaka 2025) tukipite haraka. Kinapima nyumba nzima halafu kinagawa kwa vichwa. Mtoto hana mushahara, na hakuna anayeuliza nani alikula nyama na nani aliramba mchuzi.

Kipimo kilichojaribu kumuona mtoto mwenyewe kilitoka Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2003, kwa kazi ya David Gordon na wenzake waliyoifanyia UNICEF. Waliacha pesa pembeni wakauliza mambo 7: chakula, maji, choo, afya, nyumba, shule na habari. Mtoto aliyekosa vikali mawili au zaidi, huyo wakamuita maskini kabisa. Wazo hili ni zuri, na tuwape heshima yao. Lakini tulilete huku kwetu tuone.

Nyumba: kama chini ni udongo, mtoto amekosa vikali. Mu vijiji vyetu nyumba nyingi ziko hivyo. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake ana muhogo shambani, karanga ghalani na kuku tano anapata alama moja mbaya sawasawa na jirani yake anayelala bila kula.

Shule: amekosa vikali mtoto wa miaka 7 hadi 18 ambaye hajawahi kuingia shule hata siku moja. Sasa, tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na watoto wengi waliandikwa. Mutoto aliyekaa darasa la kwanza miezi mitatu, akatoka, leo anasafisha mawe mtoni Kolwezi, kwa kipimo hiki shule "alipata". Nyumba yao iko na simenti, baba ana simu, bomba liko karibu. Bon, huyo si maskini! Unaona? Kipimo kimemuacha yule ambaye dunia nzima inamlilia, na huku kijijini kimeshindwa kutofautisha mwenye shamba na mwenye njaa.

Halafu kuna wastani. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba Kongo nzima watoto 42 kati ya 100 wenye chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi ule unatoa matokeo mpaka ngazi ya jimbo, haushuki mu teritware. Kolwezi, Lubudi, Mutshatsha, Dilolo, Sandoa na Kapanga, vyote mu sufuria moja. Sisi wa agronomi tunajua: shamba likiwa na udongo wa aina mbili, huligawi bloku, mavuno ya wastani unayopata hayatoki upande wowote. Dilolo ina mchanga wa Kalahari, Kolwezi ina shaba. Wastani wao ni wa mtoto asiyeishi popote. Tena Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, donc hata ukipata asilimia ya Dilolo, asilimia ya watoto wangapi?

Hii si mabishano ya wasomi, ni mambo ya pesa. Kodi ya madini, kwa kanuni ya 2018, inagawiwa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo ambamo mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mahali pasipo mgodi panangojea ile 25% ya jimbo. Na jimbo linagawa kwa kuangalia nini, kama mtoto wa Dilolo hana namba yake? Tunawekea akiba kizazi kijacho, na hiki kilichopo hatujakihesabu. Njo maana nasema kutopimwa nako ni aina ya umaskini.

Kipimo kinachotufaa kiulize mambo ya juma hili: mutoto alisoma siku ngapi? Alifanya kazi saa ngapi? Kipite mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na mu miezi ya mvua wakati mahindi ya zamani yameisha na mapya hayajakomaa. Kitolewe teritware kwa teritware. Vituo vya afya tayari vina mkanda wa kupima mkono: chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu. Namba hizo ziko mu madaftari, zinapanda juu kama jumla na hazirudi kijijini.

Tuko na malisansie wangapi Dilolo na Kasaji wanaongojea kazi? Kusoma daftari na kupiga hesabu tunajua. Tuanze na kituo kimoja, miezi kumi na miwili, matokeo yabandikwe mlangoni ili mama aliyeleta mtoto ayaone wa kwanza.